Mgeni Aje Unguja Lini? Mjadala wa Pepo, Mvua na Maji

Swali hili huulizwa kila siku kwenye simu za hoteli, kwenye ofisi za usafiri za Dar es Salaam, na kati ya ndugu waliotawanyika Muscat, London na Toronto wanapopanga kukutana nyumbani: twende Unguja mwezi gani? Jibu lililozoeleka ni fupi. Njoo Juni hadi Oktoba, au Desemba hadi Februari. Usije Aprili. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, na wengi wao walipanga safari zao kwa jibu hilo.

Mimi naona jibu hilo halitoshi, na mara nyingine linamkosesha mgeni raha na mwenyeji riziki. Linaukata mwaka vipande viwili, kiangazi na mvua, basi. Watu wa pwani wameuishi mwaka huohuo kwa pepo mbili, mvua mbili, na bahari inayokupwa na kujaa mara mbili kila siku. Ili hoja zipimwe, nimewakutanisha hapa wasemaji watano. Ni wa kutungwa na hawana majina, lakini kila mmoja anasema yale ambayo watu wa kazi yake husema: nahodha mzee wa Nungwi, bibi mkulima wa mwani wa Jambiani, mwenye hoteli wa pwani ya mashariki, kijana mtembeza wageni wa Mji Mkongwe, na msafiri, mwalimu wa sekondari kutoka Morogoro anayetaka kuileta familia yake. Hukumu nitaitoa mwenyewe mwishoni.

Kaskazi

MSAFIRI: Nina mke, watoto watatu na akiba ya safari moja. Nimeambiwa Desemba ndiyo yenyewe. Shule zimefungwa, jua lipo, bahari ya buluu. Kuna ubaya gani?

MWENYE HOTELI: Hakuna, Mwalimu. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, kisiwa kinapendeza. Mvua za vuli zimemalizika, embe boribo zimejaa soko la Darajani, na mwezi wa Februari kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, tamasha lililoanza mwaka 2004. Mgeni akiniuliza, namjibu bila kusita: njoo kaskazi.

NAHODHA: Kila mwamba ngoma huvutia kwake, bwana. Lakini sifa za kaskazi ni za kweli. Huu ndio upepo uliotuletea majahazi. Yalishuka nao kutoka Kuwait, Sur na Bara Hindi, yakatia nanga Malindi na shehena za tende na chumvi, kisha yakangoja kusi yarejee makwao na boriti za mikoko. Yuko Mwaustralia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait mwaka 1938, akafika nalo hapa mwaka uliofuata na kushuka mpaka delta ya Rufiji, halafu akaandika kitabu. Kwa hiyo kupanga safari kwa upepo si jambo jipya. Kabla ya meli za moshi na ndege, mgeni hakuwa na namna nyingine ya kufika.

MSAFIRI: Basi nichukue Desemba.

NAHODHA: Subiri kwanza. Upepo wa kaskazi hautoki kaskazini moja kwa moja, unatokea upande wa kaskazini mashariki. Siku ukipanda, Matemwe na Pwani Mchangani wanaupokea kifuani. Ukienda Kizimkazi siku hiyohiyo, au upande wa magharibi, unaikuta bahari imelala. Ukishataja mwezi, Mwalimu, taja na upande wa kisiwa. Mwezi peke yake haunielezi kitu.

MKULIMA WA MWANI: Na joto je? Mbona hamlitaji? Februari na Machi mchana ni nyuzi 32, 33, na usiku hakuna nafuu. Sisi tunaofanya kazi ndani ya maji tunalijua joto hilo kuliko aliyelala kwenye kiyoyozi. Maji ya kwenye madimbwi ya pwani yanakuwa ya moto mguuni. Mwani unapauka kwenye ncha, unalainika, ukishika kamba unakatika wenyewe. Tulipoanza kilimo hiki mwishoni mwa miaka ya 1980 tulipanda aina mbili. Ile yenye bei nzuri, kotonii, imetushinda sehemu nyingi kwa sababu maji yamezidi joto. Sasa huyu Mwalimu analeta watoto waliozoea upepo wa Uluguru. Saa sita mchana atawaweka wapi?

MTEMBEZA WAGENI: Bibi kasema kweli. Wageni wa Februari nawatembeza Mji Mkongwe saa mbili asubuhi au baada ya alasiri. Kati ya hapo mtu anatafuta kivuli na maji ya madafu. Halafu kuna jambo la Ramadhani. Mwezi huo unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika miaka hii unaangukia ndani ya kaskazi. Mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na kula barabarani ni kuwakosea heshima waliofunga. Usiku, baada ya tarawehe, mji unachangamka kuliko mwezi mwingine wowote. Mgeni anayelijua hilo hufurahi, asiyelijua hulalamika.

MSAFIRI: Na gharama?

MWENYE HOTELI: Sitakuficha. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya bei zetu ndizo za juu kuliko wakati wowote wa mwaka, na nyumba nyingi hazikubali mgeni wa usiku mmoja. Ukitaka Desemba, chukua wiki mbili za mwanzo.

Kusi na kipupwe

MTEMBEZA WAGENI: Mimi chaguo langu ni Julai. Kipupwe kimeingia, mchana ni nyuzi 28 hivi, usiku unajifunika shuka. Unatembea Mji Mkongwe kutwa nzima bila kutweta. Machungwa ya Unguja yanauzwa kila pembe. Pemba karafuu zinaanza kuchumwa, ukipita barabarani unaziona zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na harufu inakufuata mpaka garini. Nyangumi wanapita pwani yetu kuanzia Julai mpaka Septemba na kuendelea. Na mwishoni mwa Julai, Makunduchi wanakoga Mwaka: wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba wakizunguka uwanja. Niambieni ni mwezi gani mwingine una vyote hivi.

MWENYE HOTELI: Na ndio mwezi ambao nyumbu wanavuka Mto Mara kule Serengeti. Mgeni anashuka kutoka mbugani, anakuja kwetu kupumzika. Julai na Agosti Ulaya nzima iko likizo. Vyumba hugombewa.

MSAFIRI: Lakini nasikia kusi ni upepo mkali. Mke wangu hajawahi kupanda boti.

NAHODHA: Hapo umeuliza la maana. Kusi ni upepo wa nguvu. Ukitoka bandari ya Dar es Salaam, mkishavipita visiwa vya Bongoyo na Mbudya mnakuwa wazi, wimbi linaipiga boti ubavuni, na asiyezoea atatapika. Hilo ni dogo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar, bahari ikiwa chafu, na watu wengi wakafa. Sisemi hivyo kumtisha mkeo. Nasema ili mtu akiambiwa leo boti haitoki, asigombane na karani wa tiketi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili. Ukiisikia hiyo, ahirisha. Ukisafiri Julai, panda boti ya asubuhi, kabla upepo haujapanda, na uache siku moja ya akiba kabla ya siku unayotakiwa kazini.

MKULIMA WA MWANI: Upande wetu wa Paje na Jambiani kusi inavuma mfululizo. Wanaoteleza juu ya maji kwa matiara ndio raha yao, anga yote inajaa rangi. Wanakuja kusi, wanarudi tena kaskazi ikipamba moto. Hatuwachukii, vijana wetu wanapata kazi ya kuwafundisha. Lakini wakipita juu ya mashamba yetu kamba zinakatika, na kamba ile mtu ameifunga kipande kwa kipande, ameketi sakafuni siku nzima. Mgeni wa kusi tunamwomba aulize mashamba yako wapi kabla hajaingia majini.

NAHODHA: Na anayekuja kula samaki ajue kwamba kusi ikishika vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba. Tunavua ndani, changu na tasi na pweza. Nguru wa kweli na jodari utawaona sokoni kwa wingi bahari ikitulia. Ndiyo maana wavuvi wa Kojani huenda dago: wanahama na upepo, wanapiga kambi kule ambako bahari inawaruhusu kufanya kazi.

MSAFIRI: Mvua je, kipupwe hakina mvua?

NAHODHA: Ipo ya mchoo, rasharasha ya kupita. Haimzuii mtu.

Masika

MWENYE HOTELI: Natumaini hakuna atakayeitetea masika. Unguja inapata mvua karibu milimita 1,600 kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka kati ya Machi na Mei, Aprili ikiwa ndiyo kilele. Barabara za ndani zinajaa maji, magodoro yananuka unyevu, safari za baharini zinaahirishwa. Sisi wengi tunafunga Aprili na Mei, tunapaka rangi, tunaezeka makuti upya.

MTEMBEZA WAGENI: Mimi naitetea. Masika si mvua ya saa ishirini na nne. Siku nyingi inanyesha usiku wa manane na alfajiri, kukipambazuka inanyanyuka, mchana kuna jua la haki. Zipo siku inanyesha kutwa, sikatai. Lakini msitu wa Jozani katika Mei una kijani ambacho Agosti huwezi kukiona, na kima punju, ambao duniani hawapatikani pengine ila Zanzibar, wako palepale mwaka mzima. Mji Mkongwe unarudi kuwa mji wa wenyewe. Mgeni wa Mei anakaa barazani, anacheza bao, anazungumza na watu wenye nafasi. Yule wa Agosti anapanga foleni.

MWENYE HOTELI: Kijana, mgeni mmoja wa Mei hanilipii hata dizeli ya jenereta. Nikiacha wazi kwa vyumba vitatu, nalipa jikoni, ulinzi, bustani na umeme. Sifungi kwa ukatili.

MKULIMA WA MWANI: Hatukukuita mkatili, mwanangu. Lakini sikiliza na upande wa pili. Mabinti zetu wanaotandika vitanda vyako wanarudishwa nyumbani mwezi wa tatu bila mshahara, wanangoja mpaka wa sita. Miezi hiyohiyo mwani nao haukauki. Kiangazi tunauanika, siku mbili tatu umekauka, tunauza. Masika tunauanika asubuhi, wingu likipanda mbio tunaukusanya, jua likitoka tunautandaza tena. Mvua ikiupata unaoza na mnunuzi anaukataa. Kwa hiyo nyumba moja inakosa mwani na inakosa mshahara kwa pamoja. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mbona tunamwambia mgeni asije katika miezi ambayo mwenyeji anaumwa?

MWENYE HOTELI: Nakubali hilo ni zito. Lakini nani atakuja?

MSAFIRI: Labda mimi. Bei yako ya Mei ikoje?

MWENYE HOTELI: Kwa chumba kilekile, wengine hushusha mpaka nusu.

MSAFIRI: Basi tatizo ni kwamba mnatangaza kwa watu wa mbali tu. Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haogopi mvua, ameishi nayo. Anaweza kuangalia anga Alhamisi na kuvuka Ijumaa. Mgeni wa Ulaya hawezi, ameshakata tiketi miezi sita kabla. Masika tupeni sisi, kwa bei ya sisi, na mabinti wa Bibi wabaki kazini.

NAHODHA: Nakuunga mkono, kwa sharti moja. Masika ina siku ambazo bahari haitaniwi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia, na boti za Dar na Unguja zikasimamishwa. Wazee wetu hawakuzoea kusikia habari za kimbunga huku. Anayekuja masika aje kwa ajili ya mji, msitu na watu. Visiwa vidogo avikute wakati mwingine.

Mwezi wa angani

MKULIMA WA MWANI: Mmezungumza sana miezi ya kalenda. Mimi kila siku naulizwa na wageni swali moja tu: bahari imekwenda wapi? Mtu amelipa fedha nyingi, amekuja Agosti kama alivyoambiwa. Anaamka, anakunywa chai, anashuka na taulo saa nne asubuhi. Anakuta mchanga, majani ya baharini, fukulile, na kinamama wameinama mbali sana. Maji yako kule mwambani, zaidi ya kilomita moja. Anakasirika kana kwamba ameibiwa.

MSAFIRI: Hata mimi ningekasirika, Bibi.

MKULIMA WA MWANI: Kwa sababu hakuna aliyekwambia. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake inakaribia mita nne, zaidi ya urefu wa watu wawili waliosimamiana. Na bamvua ya kwetu ina saa zake: kujaa ni saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kukupwa ni saa nne na nusu asubuhi na usiku. Kila siku inachelewa kiasi cha dakika hamsini. Baada ya wiki yanakuja maji mafu. Hayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa nne asubuhi yamejaa. Sasa mgeni anayetaka kuogelea baada ya kifungua kinywa Jambiani aje wiki ya maji mafu. Anayetaka kutembea na sisi mpaka shambani, aone mwani, majongoo ya bahari na nyota za bahari, aje bamvua. Wote wawili wanaweza kuja mwezi mmoja, wakapishana wiki moja tu. Aliyekosea wiki ataondoka akisema Jambiani mbaya.

NAHODHA: Na akija kwetu Nungwi au Kendwa, ataogelea karibu saa yoyote, kwa kuwa ufukwe wetu unashuka haraka na hakuna bapa la mwamba kama la mashariki. Ndiyo maana nilisema taja upande.

MTEMBEZA WAGENI: Hili hata sisi tulio kazini tunalisahau. Kwenye matangazo picha zote zimepigwa maji yamejaa.

MWENYE HOTELI: Nami nakubali. Jedwali la maji ninalo ofisini, linatumiwa na manahodha wa boti. Sijawahi kumpelekea mgeni kabla hajalipa.

MKULIMA WA MWANI: Mpelekee. Jedwali hilo litakuokoa na malalamiko.

Demani

NAHODHA: Sasa niwape chaguo langu. Nje ya Krismasi na nje ya Agosti kuna wakati ambao sisi tuliokulia baharini tunaupenda kuliko yote. Kusi inapochoka, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba, demani. Upepo unalegea, bahari inakuwa kama imepigwa pasi, joto halijapanda, mvua za vuli hazijashika. Ngalawa zinatoka nje tena. Chombo kinaweza kwenda popote.

MTEMBEZA WAGENI: Kwa wazamiaji babu yuko sahihi. Maji ya kisiwa cha Mnemba hung'aa wakati huo, unaona matumbawe mpaka chini. Na Mafia, kuanzia Oktoba, papa potwe wanaanza kuonekana mbele ya Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakula vijidudu vya maji na hamdhuru mtu. Hata nyangumi wa mwisho unaweza kuwawahi.

MWENYE HOTELI: Bei nazo zimepungua, Ulaya wamerudi shule. Ila wenye matiara watalalamika, upepo hakuna.

MSAFIRI: Nami nitalalamika. Oktoba niko darasani.

MTEMBEZA WAGENI: Babu, kuna na hili. Mwaka 2019 na mwaka 2023 mvua za vuli Afrika Mashariki zilizidi kipimo, mara ya pili ikiwa ni El Niño. Wageni wangu wa mwisho wa Oktoba na Novemba walilowa. Ile hesabu yenu ya miongo haikutwambia.

NAHODHA: Haikuwaambia, kweli. Wazee walihesabu siku tangu Nairuzi, Mwaka uleule wa Makunduchi, wakazigawa kumi kumi mpaka zikatimia 365. Kwa miongo hiyo nahodha alijua pepo zitageuka lini, na mkulima alijua aatike lini. Inakupa msimu. Mvua ya wiki ijayo haikupi, na haikuwahi kudai kuijua. Zamani tuliangalia wingu na mkondo, leo tunasikiliza pia Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla hazijaanza. Mwenye akili anatumia vyote. Anayekuja demani aje mapema, kabla ya Novemba, na asome utabiri wa vuli kabla hajalipa.

Hukumu

Nimewasikiliza wote, na upande wangu ni huu. Atakayeniuliza wakati mmoja ulio bora kuliko yote kwa mgeni wa Unguja asiyefungwa na ratiba ya mtu, namwambia demani: kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Ndio wakati ambao bahari inaruhusu karibu kila kitu, joto halimtesi mtoto wala mzee, na bei haijapanda kwa sikukuu. Hoja ya kijana kuhusu vuli zilizozidi ni ya haki, lakini inatutaka tusome utabiri, haituondoi kwenye msimu wenyewe.

Kwa Mwalimu na wazazi wote waliofungwa na kalenda ya shule, Desemba isiwe jibu la kwanza. Likizo ya Juni inafaa zaidi. Masika imeondoka, kipupwe kinaingia, Ulaya bado hawajafunga shule, na chumba unakipata kwa maelewano. Avuke kwa boti ya asubuhi, afikie upande wa Kendwa au Nungwi ambako watoto wataogelea saa wanayotaka, kisha awapeleke Jambiani siku ya bamvua wakatembee na kinamama wa mwani. Wakirudi watakuwa wamejifunza bahari kuliko walivyosoma kwenye jiografia.

Kwa mwenye fedha kidogo na muda wa kubadilisha, masika isiogopwe tena. Aje Mei kwa ajili ya mji na msitu, akae kwenye nyumba ambayo haikuwarudisha wafanyakazi wake makwao.

Wenye hoteli nawaomba mambo mawili. Pamoja na bei, mtumieni mgeni saa za maji kujaa na kukupwa kwa siku alizochagua, kabla hajalipa. Na badala ya kufunga Aprili na Mei, wekeni bei ya Mtanzania na Mkenya, muitangaze Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mapema kama mnavyoitangaza Agosti kule Ulaya. Mtapata faida ndogo, lakini mishahara itaendelea kulipwa katika miezi ambayo vijiji vya pwani vinaihitaji zaidi.

Nawe msomaji unayepanga kuja, uliza maswali manne kwa mpangilio huu: ninakuja kufanya nini, upepo gani utakuwa unavuma, nitafikia upande gani wa kisiwa, na siku hizo mwezi utakuwa na umri gani. Ukishapata majibu hayo, ndipo ukate tiketi.